Makaburi ya St James, Liverpool: Historia Iliyoandikwa Juu ya Mawe

Wanafunzi wengi hudhani kwamba historia ni somo la vitabu tu. Sivyo. Historia husomwa pia katika kuta za nyumba za kale, katika majina ya mitaa, katika sarafu, na hata katika makaburi. Huko Gedi, karibu na Malindi, limo kaburi ambalo limechorwa tarehe juu yake: mwaka 802 wa Hijra, mwaka ulioanza katika mwaka 1399 wa kalenda ya Kizungu. Tarehe ile moja imewasaidia sana wataalamu katika kupima umri wa mji ule, ambao wenyeji wake walikwisha uhama zamani.

Katika somo hili twataka kutazama makaburi mengine, ya mbali na pwani yetu. Ni makaburi ya Waanglikana katika mji wa Liverpool, Uingereza, yaitwayo St James. Yalifunguliwa mwaka 1829 na kufungwa mwaka 1936, na leo hakuna tena anayezikwa humo. Tumeyachagua kwa sababu mbili. Kwanza, habari zake zaonyesha vizuri jinsi mji mkubwa wa bandari ulivyokua, na shida zilizofuatana na kukua kwake. Pili, yaliyoyapata makaburi hayo baada ya kufungwa yatuachia swali ambalo kila mji wapaswa kulijibu: je, mawe ya wafu ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuyaondoa?

1. CHIMBO LA MAWE

Ukienda Liverpool utaliona kanisa kuu la Waanglikana juu ya kilima, kubwa mno, la mawe mekundu. Sogea upande wake wa mashariki, utazame chini. Utaona bonde lenye kina kirefu, lenye miti mingi, na kuta zake ni mwamba mtupu uliokatwa wima. Bonde hilo si kazi ya mto wala ya tetemeko la nchi. Limechimbwa na mikono ya watu.

Kwa muda mrefu mahali hapo palikuwa chimbo la mawe. Mji ulipokuwa ukijengwa, mafundi walikata mawe hapo wakayapeleka mjini kujenga majumba na kuta za bandari. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba shimo hilo ni kama alama ya mji wenyewe: kila jiwe lililotoka hapo liliacha nafasi yake wazi, likaenda kusimama mahali pengine katika ukuta.

Mwaka 1773 wachimbaji walikuta chemchemi ya maji ndani ya mwamba. Maji hayo yalikuwa na chuma ndani yake, na watu wa zamani hizo waliamini kuwa maji ya namna hiyo ni dawa ya maradhi mengi. Chemchemi hiyo ingali ikitiririka mpaka leo, ingawa watu hawaendi tena kuinywa kwa kutafuta afya.

Ilipofika mwaka 1825 hivi, mawe mazuri yalikuwa yamekwisha. Likabaki shimo kubwa katikati ya mji, lisilo na kazi. Wakuu wa mji wakajiuliza: tulifanyie nini?

2. KWA NINI MJI ULIHITAJI MAKABURI MAPYA

Ili tufahamu jibu lao, lazima kwanza tujue hali ya Liverpool siku zile. Katika mwaka 1700 mji huo haukuwa na watu hata 10,000. Mwaka 1715 bandari yake ya kwanza ya kufungiwa maji ilifunguliwa, na meli zikaanza kuja kwa wingi. Tusisahau kwamba sehemu kubwa ya utajiri wa mji katika karne hiyo ilitokana na biashara ya watumwa. Meli za Liverpool zilichukua Waafrika wengi kutoka pwani ya magharibi ya Afrika na kuwapeleka Amerika na visiwa vyake, mpaka Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Baada ya hapo biashara ya pamba ikashika nafasi ya kwanza. Na pamba hiyo nayo, kwa miaka mingi, ililimwa na watumwa huko Marekani.

Kwa sababu ya bandari, watu walimiminika mjini. Hesabu ya watu ya mwaka 1801 ilionyesha wakaaji wapatao 80,000. Hesabu ya mwaka 1831 ilionyesha wakaaji wapatao 165,000. Yaani kwa muda wa miaka 30 tu mji uliongezeka mara mbili. Nyumba hazikutosha. Maskini wengi walikaa katika vyumba vya chini ya ardhi, vyenye unyevu, visivyo na madirisha ya kutosha wala maji safi.

Mji unapojaa watu walio hai, viwanja vya wafu navyo hujaa. Desturi ya Waingereza tangu zamani ilikuwa kuzika wafu katika uwanja unaozunguka kanisa. Desturi hiyo ilifaa kijijini, ambapo watu ni wachache. Lakini katika mji kama Liverpool viwanja vya makanisa vilijaa kabisa. Makaburi mapya yalichimbwa juu ya makaburi ya zamani, na watu wakaanza kulalamika juu ya harufu na juu ya hatari ya magonjwa.

Kulikuwa na hofu nyingine pia. Shule za udaktari zilihitaji maiti ili wanafunzi wajifunze viungo vya mwili wa binadamu, na maiti zilizoruhusiwa na sheria zilikuwa chache sana. Basi wakatokea watu wabaya waliofukua makaburi usiku na kuuza maiti. Mwezi wa Oktoba, 1826, mapipa yaliyokuwa tayari kupakiwa melini katika bandari ya Liverpool, kwenda Scotland, yalifunguliwa, na ndani yake zikakutwa maiti 11 zilizotiwa chumvi. Polisi walipofuata habari mpaka nyumba moja ya Hope Street, walikuta maiti nyingine 22 katika chumba cha chini. Hope Street ni barabara ile ile inayoishia karibu na chimbo letu la mawe. Kila aliyekuwa na mtoto au mzazi aliyezikwa karibuni alishikwa na hofu kuu. Ni mwaka 1832 tu sheria mpya ilipotungwa ili shule za udaktari zipate maiti kwa njia ya halali, na wizi huo ukakoma.

Jambo la tatu lilikuwa la madhehebu. Mwaka 1825 Wakristo wasio Waanglikana walifungua makaburi yao mapya mahali paitwapo Low Hill, yakafanikiwa sana. Waanglikana, ambao dhehebu lao ndilo dhehebu rasmi la serikali, hawakupenda kubaki nyuma. Wakalitazama lile shimo la mawe, wakaona kwamba lafaa: lina nafasi, li mbali na visima vya watu, na kuta zake za mwamba ni ngome isiyorukwa na mwizi kwa urahisi.

3. JINSI YALIVYOJENGWA

Kazi ya kupanga makaburi alipewa John Foster, msanifu wa majengo wa mji. Katika ujana wake Bwana Foster alisafiri mpaka Ugiriki, akasaidia kuchimbua magofu ya mahekalu ya kale. Aliporudi kwao alikuwa amejaa mapenzi ya ujenzi wa Kigiriki, na mapenzi hayo yaonekana katika kazi yake yote.

Juu, ukingoni mwa shimo, alijenga kanisa dogo la maziko liitwalo Oratory. Ukiliona utadhani ni hekalu la Wagiriki wa kale: nguzo 6 nene mbele, nguzo 6 nyuma, na kuta zisizo na madirisha. Mwanga huingia kutoka juu, darini. Humo ndimo sala za maziko zilimosomwa kabla ya jeneza kuteremshwa chini.

Lakini jeneza litateremshwaje katika shimo lenye kuta wima? Bwana Foster alikata njia pana za mteremko katika mwamba wa upande wa mashariki, zipandazo na kushuka kwa zamu, ili magari ya farasi yaliyochukua jeneza yapite bila ya shida. Kando ya njia hizo, ndani ya mwamba, vilichongwa vyumba zaidi ya 100 vya kuzikia, kila kimoja na mlango wake wa tao. Vyumba hivyo vilikuwa vya jamaa za matajiri. Upande wa pili, watu waendao kwa miguu walipita katika njia iliyotobolewa ndani ya mwamba. Kisha miti ikapandwa na njia za kutembelea zikakatwa sakafuni, hata mahali pale pakawa kama bustani.

Mwaka 1829 makaburi yakawekwa wakfu, na maziko yakaanza. Kutoka mwaka huo mpaka 1936 walizikwa humo watu karibu 58,000. Hebu, msomaji, fanya hesabu mwenyewe. Gawa 58,000 kwa miaka 107. Utapata watu zaidi ya 540 kwa kila mwaka, yaani watu watatu kwa kila siku mbili, mwaka hata mwaka, kwa zaidi ya miaka mia.

Haiwezekani kueleza habari za watu wote hao. Tuchague wachache, tuone makaburi yao yatufundisha nini.

4. MTU ALIYEGONGWA NA GARI LA MOSHI

Jengo la kaburi linaloonekana kuliko yote limesimama katikati ya bonde. Ni la mviringo, lina nguzo na kuba, nalo pia limejengwa kwa mtindo wa Kigiriki na John Foster. Humo amezikwa Bwana William Huskisson, aliyekuwa mjumbe wa Liverpool katika Bunge tangu mwaka 1823, na aliyepata pia kuwa waziri wa biashara.

Tarehe 15 Septemba, 1830, reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa kwa sherehe kubwa. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuunganisha miji miwili mikubwa kwa magari ya abiria yaliyovutwa na injini za moshi peke yake. Waziri Mkuu, Duke wa Wellington, alikuwamo katika msafara. Magari yaliposimama mahali paitwapo Parkside ili injini zitiwe maji, mabwana kadha wa kadha waliteremka na kusimama katikati ya njia, ingawa walikuwa wameonywa wasiteremke. Bwana Huskisson, ambaye alikuwa amekosana na Waziri Mkuu katika mambo ya siasa, aliona kwamba hiyo ni nafasi nzuri ya kupatana naye. Akaenda kwenye gari lake, wakapeana mikono.

Mara injini iitwayo Rocket ikaonekana inakuja katika njia ya pili. Watu wakapiga kelele. Wengine wakakimbia, wengine wakajibana kando ya gari. Bwana Huskisson, ambaye hakuwa mwepesi wa miguu, alibabaika, akashika mlango wa gari. Mlango ukafunguka nje, ukamning'iniza mbele ya injini. Akaanguka, na mguu wake ukapondwa. George Stephenson, mtengenezaji mashuhuri wa injini, alimkimbiza yeye mwenyewe kwa injini nyingine mpaka Eccles, lakini jioni ile ile akafariki. Alizikwa tarehe 24 Septemba, mbele ya maelfu ya watu wa Liverpool.

Hapa pana mafunzo mawili kwa mwanafunzi wa historia. La kwanza: watu wengi husema, na vitabu vingine huandika, kwamba Bwana Huskisson alikuwa mtu wa kwanza kuuawa na gari la moshi. Si kweli. Walikuwako wengine waliokufa katika njia za reli kabla yake, bali walikuwa watu wadogo, na habari zao hazikuenea. Yeye ndiye mkubwa wa kwanza ambaye kifo chake kilitangazwa kila mahali. Ajapokufa mkubwa, magazeti huandika. Ajapokufa mchukuzi, jirani zake tu ndio hujua.

La pili: ndani ya jengo lile iliwekwa sanamu ya marumaru, kazi ya John Gibson, mchongaji aliyekulia Liverpool na kuishi Roma. Sanamu hiyo yamwonyesha Bwana Huskisson amevaa vazi la Warumi wa kale, bega moja wazi. Yeye hakuvaa hivyo hata siku moja; alivaa koti na suruali kama Waingereza wenzake. Kwa hiyo jihadhari: sanamu haituambii sikuzote mtu alikuwaje. Mara nyingi hutuambia wale waliomjengea walitaka tumwone namna gani.

5. MWANAMKE ALIYEFUA NGUO ZA MTAA

Sasa tuache kuba na marumaru, twende kwenye kaburi la mwanamke aliyekuwa maskini. Jina lake ni Kitty Wilkinson. Alizaliwa Ireland mwaka 1786, akaletwa Liverpool angali mtoto mdogo. Utoto wake ulikuwa wa taabu. Alipata kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, na alipokuwa mtu mzima alijitafutia riziki kwa kufua nguo za watu.

Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Liverpool. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba ugonjwa huo huletwa na vijidudu vilivyomo katika maji machafu. Jambo hilo lilikuja kuthibitishwa miaka mingi baadaye. Hofu ilikuwa kubwa hata watu wakafanya fujo mitaani, wakiwazuia waganga wasichukue wagonjwa hospitali, kwa kuwa walidhani kwamba waganga wataka maiti za kupasua. Kumbuka yale mapipa ya mwaka 1826, utafahamu hofu hiyo ilitoka wapi.

Katika mtaa wa Bibi Kitty ni yeye aliyekuwa na chombo kikubwa cha kuchemshia maji. Akawaambia majirani walete nguo na mashuka ya wagonjwa nyumbani kwake, wazichemshe na kuzifua kwa dawa. Jiko lake likawa nyumba ya kufulia ya mtaa mzima. Hakuwa na elimu ya udaktari, lakini aliona kwa macho yake kwamba uchafu na ugonjwa hufuatana, akafanya lile lililokuwa ndani ya uwezo wake. Kufua mashuka ya mgonjwa wa kipindupindu ni kazi ya hatari, naye hakuiogopa. Pia aliwakusanya nyumbani kwake watoto wa mtaa waliofiwa na wazazi, akawatunza.

Watu wenye uwezo mjini waliona kazi yake, wakamsaidia. Mwaka 1842 nyumba ya kwanza ya umma ya kuogea na kufulia ilifunguliwa Liverpool, katika Frederick Street. Mwaka 1846 Bibi Kitty na mumewe, Tom, waliwekwa kuwa wasimamizi wake, na mwaka huo huo Malkia Victoria alimpelekea zawadi ya birika ya chai ya fedha. Tena mwaka 1846 Bunge lilitunga sheria ya kuruhusu miji mingine kujenga nyumba kama hizo kwa fedha za umma. Jambo lililoanza katika jiko la mfuaji nguo likawa sheria ya nchi.

Bibi Kitty alifariki mwaka 1860, akazikwa katika bonde la St James. Mwaka 2012 sanamu yake ya marumaru iliwekwa katika jumba kubwa la mji liitwalo St George's Hall. Zilikuwamo sanamu nyingi za wanaume mle ndani. Yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya mwanamke. Sanamu hiyo haikumvika vazi la Kirumi. Yamwonyesha amebeba furushi la nguo.

6. MCHORAJI, MABAHARIA NA YATIMA

Katika bonde hilo hilo alizikwa Sarah Biffen, aliyefariki mwaka 1850. Bibi huyo alizaliwa Somerset mwaka 1784, bila ya mikono, na miguu yake haikukua. Akiwa msichana alipelekwa kutoka soko hadi soko ili watu walipe fedha wamtazame. Lakini yeye alijifunza kushona, kuandika na kuchora kwa mdomo, akawa mchoraji hodari wa picha ndogo za sura za watu. Mwaka 1821 alipewa nishani kwa uhodari wake, na hata jamaa ya kifalme walimpa kazi. Watu walikuja kuona ajabu. Wakaondoka wameona fundi.

Mawe mengine yataja manahodha na mabaharia, baadhi yao Wamarekani, waliokufia bandarini mbali na kwao. Hayo yatukumbusha pamba na njia ya bahari iliyoulisha mji. Na yako mawe ambayo msomaji hawezi kuyapita upesi: mawe ya nyumba za yatima, yenye orodha ndefu ya majina ya watoto, jina chini ya jina, pamoja na umri wao. Hapo hapahitaji maelezo ya mwalimu. Soma umri wa watoto wale, nawe utajua hali ya afya katika mji ule kuliko ukisoma kurasa kumi za kitabu.

Hata hivyo, usidhani kwamba mawe yaeleza habari za watu wote 58,000. Jiwe lilikuwa na gharama. Wengi waliozikwa humo hawakuwekewa jiwe lo lote. Kwa hiyo asomaye makaburi lazima akumbuke wale wasioonekana, kama asomavyo kitabu na kukumbuka kurasa zilizopotea.

7. MAKABURI KUFUNGWA, NA MAWE KUONDOLEWA

Katikati ya karne ya 19 miji ya Uingereza ilianza kufungua makaburi makubwa nje ya mji. Liverpool ilifungua Toxteth Park mwaka 1856 na Anfield mwaka 1863, na maziko mengi yakahamia huko. Mwaka 1904 Mfalme Edward VII aliweka jiwe la msingi la kanisa kuu juu ya kilima kando ya bonde. Ujenzi wa kanisa hilo ulichukua miaka 74, ukamalizika mwaka 1978. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 watu walizika wafu wao bondeni huku mafundi wakipandisha kuta juu ya vichwa vyao.

Mwaka 1936 makaburi yalifungwa. Kisha yakaachwa. Magugu yakamea, mawe yakapasuka au kuangushwa na watu wasio na adabu, na jengo la Bwana Huskisson likaharibiwa, hata ile sanamu ya marumaru ikaondolewa na kupelekwa mahali pa salama. Watu wakaogopa kupita humo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa mji waliamua kupafanya mahali hapo bustani ya watu wote. Mawe mengi ya makaburi yaling'olewa, yakapangwa kando ya kuta na njia, na nyasi zikapandwa mahali yalipokuwa. Bustani ilikuwa tayari mwaka 1972.

Je, walifanya vema au vibaya? Tusikate hukumu kabla ya kusikia pande zote mbili. Upande mmoja wasema: mji ulikuwa na watu wengi na bustani chache, makaburi yalikuwa yamekuwa pori na maficho ya wahalifu, jamaa za wafu walikuwa wamekufa au wamehama, ni afadhali watoto walio hai wapate mahali pa kupumzika. Maneno hayo yana haki ndani yake.

Upande wa pili wasema: jiwe la kaburi lina kazi mbili. Laeleza jina, na laonyesha mahali. Likiwa limesimama juu ya kaburi, lasema, "Fulani yu hapa." Likiegemezwa ukutani, lasema tu, "Fulani yu mahali fulani katika bonde hili." Nusu ya habari imekwisha potea. Hujui tena nani alizikwa karibu na nani, wala sehemu ipi ilikuwa ya matajiri na ipi ya maskini. Maneno haya nayo yana haki.

Nionavyo mimi, kosa si kupanda nyasi, wala si kuhamisha jiwe. Kosa ni kuacha kazi mpaka magugu yawe marefu. Makaburi yaliyotunzwa hayageuki pori, na yasipogeuka pori hakuna anayetaka kuyang'oa. Tena lazima mawe yakihamishwa, basi kwanza na yaandikwe yote, neno kwa neno, na ramani ichorwe ionyeshe kila moja lilikuwa wapi. Kazi ya siku chache kwa kalamu na karatasi huokoa jambo ambalo fedha haiwezi kulinunua baadaye.

Yapendeza kusema kwamba habari haikuishia hapo. Wakaaji wa Liverpool waliopenda mahali pale waliungana, wakaanza kufyeka, kusafisha na kunakili maandishi ya mawe yaliyobaki. Serikali nayo imeyaandika makaburi haya katika daraja la kwanza la bustani za kihistoria za Uingereza. Leo watu hutembea humo, watoto hucheza, na chemchemi ya mwaka 1773 yaendelea kutiririka.

8. KAZI YA WANAFUNZI

Mwanafunzi ataka kujua: mambo ya Liverpool yanihusu nini? Yakuhusu, kwa kuwa hata katika miji na vijiji vyetu yako makaburi ya kale, ya Waislamu, ya Wakristo na ya wazee wetu, na barabara na majumba yazidi kuyakaribia. Mwaka wo wote yaweza kuondolewa. Kwa hiyo wakati wa likizo fanya kazi hii.

Kwanza, omba ruhusa kwa wazee au kwa watunzaji wa mahali penyewe, nawe uende kwa heshima. Usikanyage kaburi, wala usikwangue jiwe kwa kisu ili usome vizuri. Mwaga maji safi kidogo, au ungojee jua la jioni, maandishi yataonekana yenyewe. Nakili jina, tarehe na maneno yote kama yalivyo, hata yakiwa na makosa. Chora ramani ndogo. Kisha mwulize mzee wa mtaa habari za wale wasio na mawe, uandike asemavyo.

Ukimaliza, jaribu kujibu maswali haya:

(a) Toa sababu tatu zilizowafanya watu wa Liverpool watake makaburi mapya baada ya mwaka 1825.

(b) Kwa nini si sawa kusema kwamba Bwana Huskisson alikuwa mtu wa kwanza kuuawa na gari la moshi? Kwa nini uvumi huo ulienea?

(c) Linganisha sanamu ya Bwana Huskisson na sanamu ya Bibi Kitty Wilkinson. Kila moja yatufundisha nini juu ya watu walioiweka?

(d) Katika makaburi uliyoyatazama, ni watoto wangapi walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano? Je, hesabu hiyo yabadilika kutoka miaka ya zamani mpaka ya karibuni? Eleza kwa nini.

(e) Mjadala wa darasa: "Makaburi yaliyojaa na kuachwa yafaa kugeuzwa bustani." Upande mmoja ukubali, upande wa pili ukatae.

Daftari zenu zitunzeni vizuri. Huenda siku moja jiwe likavunjika au likaondolewa, na nakala iliyo katika daftari la mwanafunzi ikawa ndiyo iliyobaki peke yake.